Vipimo vya Mteja

Barua ya Promota wa ngumi ilifika Jumanne saa nne asubuhi, na ilipotimia saa sita sebule ya Fundi ilikuwa imejaa watu ambao hakuna aliyewaita. Fundi mwenyewe hakunyanyuka kwenye cherehani. Alikuwa na sare kumi na nane za shule za kumaliza wiki hiyo, na sare hazijishoni. Aliwasukumia wageni stuli kwa mguu, akaendelea kukanyaga.

Habari yenyewe ilikuwa nzito kweli. Mwanawe wa mwisho, kijana wa miaka ishirini na moja ambaye mji mzima ulimwita Sindano, alikuwa ameitwa kugombea mkanda wa uzani mwepesi, ule wa kilo sitini na moja. Bingwa mwenyewe ndiye aliyemchagua. Wiki saba, ukumbi mkubwa, raundi kumi na mbili, na jibu litolewe Ijumaa saa sita mchana, la sivyo nafasi apewe mwingine. Sindano alikuwa amepigana mara kumi na moja na kushinda zote, na katika hao kumi na mmoja wanane walihesabiwa wakiwa chali. Jirani yao muuza mkaa aliisoma ile barua mara tatu kwa sauti, na kila mara alimwongezea Promota cheo.

Baba Sindano alikuwa mstaafu wa posta, mtu wa kupanga kila kitu kwenye kijisanduku chake. Alichukua chaki ya mkewe bila kuomba, akaandika kwenye meza ya kukatia nguo: moja, Bingwa. Mbili, Mwalimu. Tatu, Shoto. Nne, mwanangu. Kisha akaanza kuwachambua mmoja mmoja kana kwamba analipwa na redio.

Shoto, alisema, ana mkono wa kushoto unaotokea chini kabisa ambako macho hayafiki, lakini raundi ya tano ikipita anapumua kwa mdomo. Huyo Sindano anamla. Mwalimu ni mwalimu kweli, anafundisha hesabu mchana na jioni anapigana vile vile anavyosahihisha madaftari: taratibu, hakuna kosa linalompita. Hajawahi kumwangusha mtu, na hajawahi kushindwa kwa pointi. Huyo ni kazi, lakini anafungika. Tatizo ni Bingwa. Miaka sita na mkanda kiunoni, mkono wa kulia mfupi tu, hauendi mbali, ila ukifika umefika. Kwa hiyo ushauri wa Baba ulikuwa mtoto asubiri: aanze na Shoto, kisha Mwalimu, na Bingwa awe wa mwaka ujao.

Kocha, ambaye kazi yake ya kumlisha ilikuwa kutengeneza friji, hakukubali. Alisema Bingwa ana miaka thelathini na tatu, miguu imeanza kumdai, na mtu wa namna hiyo anapomchagua kijana ni kwamba anamdharau. Dharau ni mlango. Sindano anarusha ngumi tatu wakati Shoto bado anafikiria ya kwanza, na akimkimbiza Bingwa raundi sita, ya saba yule mzee ataomba kiti. Watu wakapiga makofi. Muuza mkaa akamkumbatia Sindano, akamwachia alama nyeusi mgongoni, na Sindano akacheka kama mtu aliyekwisha kushinda.

Hata Fundi aliguswa, asiseme uongo. Aliogopa, na ndani ya huo woga alikuwa na furaha iliyomwasha mikono. Huyu ndiye aliyekuwa akilala kwenye kapu la vitambaa chini ya cherehani hii hii, leo watu wazima wanambishania kwa jasho.

Kocha alikuwa na sharti lake la siku zote: bondia wake asiyekuwa na mke hasaini pambano mpaka wazazi wote wawili wakubali. Kwa hiyo macho yote yakamgeukia mama. Mumewe ndiye aliyelianzisha.

"Mama watoto, wewe Bingwa unampima kila mwaka. Fungua daftari. Amenenepa, hajanenepa?"

Kwa miaka kumi na minne Fundi alikuwa akiwashonea mabondia wa mji ule bukta na majoho ya kuingilia ulingoni. Bukta yake haichaniki, haipandi, haishuki. Walikuja wote kwake, hata waliokuwa hawasalimiani, kwa sababu vipimo vyao aliviandika kwenye daftari ambalo hakuna aliyelifungua ila yeye. Kwa bondia kiuno ni siri kubwa kuliko mshahara. Anayejua umeongezeka inchi mbili anajua utakavyohangaika wiki ya mwisho.

"Vipimo vya mteja havisemwi," alisema Fundi bila kuinua uso.

"Hata kwa ajili ya mwanao?"

"Hata kwa ajili yako, baba watoto. Rudisha chaki yangu."

Mumewe alirudisha chaki. Wageni wakatazama pembeni, na Baba Sindano, aliyewahi kuongoza makarani kumi na wawili, akajikuta anafuta meza kwa mkono wa shati lake.

Jumatano alasiri Fundi alimwita mwanawe ampime kwa ajili ya bukta mpya. Kama ni kukubali au kukataa itajulikana, lakini nguo ni lazima ianze. Na Fundi hakupima kwa kukumbuka. Hata aliyepimwa mwezi uliopita alipimwa upya, shingo mpaka goti. Sindano alivua shati, akapanda kwenye kibao, akanyoosha mikono huku akiimba kitu puani.

Fundi alizungusha futi yake kifuani, akaandika. Akaizungusha pajani, akaandika, akasita, akapima tena. Paja lilikuwa ishirini na mbili na nusu, na mwaka jana lilikuwa ishirini na moja kasoro robo. Shingo imeongezeka inchi nzima. Mabega ndiyo usiseme. Kiuno peke yake ndicho kilichobaki pale pale, ishirini na nane. Alirudisha kurasa nyuma, miezi mitatu, sita, mwaka, na tarakimu zikawa zinapanda zote isipokuwa hiyo moja. Mtoto alikuwa hanenepi. Alikuwa bado anakua.

"Mara ya mwisho ulishukaje mpaka sitini na moja?" alimuuliza.

Sindano alisema ni mazoezi tu. Fundi hakuondoa macho. Alikuwa na mtazamo ambao wanawe wote waliujua toka wadogo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuumaliza bila kusema. Sindano akashuka kwenye kibao, akakaa, akasema.

Siku mbili bila maji. Alivaa mifuko ya plastiki ndani ya sweta, akaruka kamba chumbani madirisha yamefungwa. Alitafuna jojo ili mate yatoke, akawa anayatema kwenye kopo la rangi. Na asubuhi ya kupimwa uzito alianguka bafuni, akaamka mwenyewe, hajui alilala pale dakika ngapi. Fundi aliikumbuka asubuhi hiyo. Alikuwa papo hapo kwenye cherehani, alisikia kishindo, akadhani ni ndoo.

"Kocha anajua?"

"Akijua atanitoa. Mama, ni mara moja tu. Nikiupata mkanda nitapanda uzani wa juu nikiwa bingwa, siyo kwenda kuanza foleni upya na watu wenye mabega kama milango."

"Nitamwambia."

"Huwezi." Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomchoma. "Jana umemnyima baba mbele za watu. Vipimo vya mteja havisemwi. Jina langu limo kwenye daftari kama la Bingwa. Au mimi si mteja?"

Mtoto alivaa shati lake, akambusu kwenye paji la uso, akatoka akiruka ngazi mbili mbili.

Alhamisi Fundi alishona mikono mitatu ya sare kichwa chini miguu juu. Aliifumua, akaishona, ukamtoka wa nne vile vile. Mwishowe aliacha, akafungua daftari ukurasa wa Bingwa. Miaka sita, mistari sita, na kila mstari ulikuwa kaka wa mwenzake: paja lile lile, shingo ile ile, kifua kile kile. Yule mwanaume uzani huo ulikuwa wa kwake, aliumbiwa. Siku ya kupimwa angekuja amelala, amekunywa maji, amekula yai. Mwanawe angekuja amekauka midomo, aingie ulingoni na mtu huyo, raundi kumi na mbili, na ule mkono wa kulia mfupi. Kocha na Baba walikuwa wamepiga hesabu zao zote, miguu, umri, dharau, na hesabu hii moja hawakuwa nayo. Alikuwa nayo yeye, na nusu yake, ile ya Bingwa, haikuwa yake kuisema kwa mtu yeyote.

Alifunga daftari. Alikuwa amekasirika, na hakujua amkasirikie nani.

Ijumaa Promota alifika mapema, viatu vinang'aa, kofia yake akaibwaga juu ya sare zilizokwisha kupigwa pasi. Alikuwa amekwisha kuchapisha mabango. Alilikunjua moja mezani: Bingwa upande huu, Sindano upande ule, ngumi mbele, na kati yao kilo sitini na moja kwa herufi nyekundu. Muuza mkaa alipiga mluzi. Baba Sindano, aliyekuja na msimamo wake wa kusubiri, aliliona jina la ukoo wake limechapwa kubwa kiasi kile na msimamo ukamlegea palepale. Akasema kwa kweli nafasi kama hizi hazina mazoea ya kurudi. Kocha alikuwa tayari na kalamu.

"Mama yetu?" Kocha aliuliza.

"Mama aandae bukta tu," Promota akadakia, akimpiga piga begani, "iwe na nafasi ya matangazo huku nyuma. Mambo ya ulingo atuachie wenyewe."

Fundi aliiondoa ile kofia kwenye sare, akaitia sakafuni. Alimtazama mwanawe. Sindano alikuwa ameegemea mlango, na alitikisa kichwa kidogo, kidogo sana, ishara ya watu wawili tu. Fundi akafungua daftari, ukurasa wa mwanawe.

"Paja ishirini na mbili na nusu," alisema. "Mwaka jana ishirini na moja kasoro robo. Shingo kumi na tano na nusu, ilikuwa kumi na nne na nusu. Kifua thelathini na nane na nusu, kilikuwa thelathini na sita. Kiuno ishirini na nane, hakijasogea. Hivyo ni vya mwanangu. Huyu si mtu wa sitini na moja tena, Kocha. Anakua."

"Mama," alisema Sindano.

Promota alicheka. Alisema mabondia wote hushuka, kilo mbili tatu, ndiyo kazi yenyewe. Kocha hakucheka. Aliuliza mara ya mwisho lini kijana alipanda mizani, na kijana akasema asubuhi, sitini na nne. Hapo muuza mkaa, kwa nia njema tu, akakumbusha kwamba mizani yake iko hapo nje. Wakatoka wote. Sindano alivua viatu, akapanda kwenye sahani ile nyeusi ambayo magunia hupandishwa, mbele ya wateja wa mkaa na wapita njia, na muuza mkaa akasogeza jiwe la mizani kwenye mtaimbo wake kwa uangalifu mkubwa. Akalisogeza tena. Mwishowe akaitaja namba kwa sauti ya chini, lakini mtaa mzima uliisikia: sitini na nane.

"Ulishukaje?" Kocha aliuliza.

Fundi ndiye aliyejibu. Alisema maji, plastiki, kopo la rangi. Alisema bafuni. Alisema pia kwamba alisikia kishindo akadhani ni ndoo. Baba Sindano alikaa juu ya gunia la mkaa na suruali yake nyeupe. Kocha alirudisha kalamu mfukoni.

Promota alikunja bango lake, akasema wamempotezea wiki, akaondoka bila kofia, ikabidi arudi kuichukua. Sindano alibaki juu ya mizani, nyayo nyeusi.

"Umenivua nguo mbele za watu," alimwambia mama yake, akashuka, akaenda zake.

Siku tisa hakumsemesha. Alisalimia hewa, akala sahani yake chumbani, akatoka alfajiri na kurudi amechoka. Kula alikula, hilo Fundi aliliona, maana sahani zilirudi zimefutwa. Lakini nyumba ilikuwa nzito. Siku ya nne Shoto alikuja kuchukua bukta yake, akaikagua, akasema nzuri, kisha akaangalia juu ya dari na kuuliza kama vipimo vyake navyo vitasomwa redioni ama vitabandikwa sokoni. Ulikuwa mzaha. Fundi alimfungia bukta kwenye gazeti kwa aibu, kwa sababu Shoto alikuwa na haki ya kuuliza.

Magazeti ya michezo yaliandika kwamba Sindano ameogopa. Mkanda angeugombea Mwalimu. Baba Sindano alilikata gazeti vipande vidogo vidogo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuviweka kwenye kijisanduku chochote.

Jumapili ya siku ya tisa, saa kumi jioni, mumewe aliingia mbio. Mtu wa miaka sitini na mbili, anahema, kiatu kimoja kimefunguka kamba.

"Inuka. Kocha anasema uje. Amempandisha mtoto ulingoni na Lori."

Lori alikuwa namba tatu wa uzani wa kilo sitini na sita, ngazi mbili juu ya alikokuwa Sindano. Fundi alikuwa hajawahi kuingia mahali mwanawe anapopigania. Alitoka na futi ikiwa bado shingoni, hakufunga hata mlango.

Jimu lilikuwa ghala la zamani la viatu, na kelele zilisikika toka barabarani. Alipoingia raundi ya kwanza ilikuwa inaisha. Alimwona Lori, mgongo mpana, anasukuma mbele, na akamwona mwanawe akirudi nyuma, akipigwa kwenye mikono, kwenye mabega, na akataka kutoka nje. Mumewe alimshika kiwiko. Raundi ya pili Lori alikuja tena, na safari hii Sindano hakurudi. Alisimama. Alimpiga mkono wa kushoto, wa kushoto tena, na wa kulia ukafuata chini ya mbavu, na ule wa kulia haukuwa ule ambao watu waliuzoea. Sauti yake ilikuwa nyingine. Lori alikunja uso. Watu waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi wakasimama mmoja baada ya mwingine, na Fundi akajikuta amesimama juu ya benchi, hajui alipandaje.

"Ana maji mwilini," Kocha alisema kando yake, macho hayatoki ulingoni. Alisema kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu barabarani na anaogopa kukitazama vizuri. "Miaka mitatu nimefundisha kijana mwenye kiu. Sikujua. Namba moja wa uzani huu ni mzito kugeuka, huyu atamzunguka. Namba mbili anaogopa mwili kupigwa. Mpe miezi minane, mama. Mpe minane tu."

Raundi ya tatu Lori alipigwa mpaka akashika kamba kwa mikono miwili, na Kocha akagonga kengele kabla ya wakati kwa kumwonea huruma. Jimu lililipuka. Baba Sindano alikuwa amepata chaki mahali, anaandika ukutani majina ya watu wa kilo sitini na sita, mmoja, wawili, watatu, kwa haraka ya furaha hata maandishi yakawa hayasomeki.

Sindano alitembea mpaka kwenye kamba, upande wa mama yake. Jasho lilimtiririka, midomo imelowa, kifua kinapanda na kushuka. Alitema kilinda meno kwenye glovu. Watu wa karibu walisogea pembeni, kwa sababu mtaa mzima ulijua kwamba hawasemeshani.

"Mama," alisema. "Bukta inabana."

Fundi alipanda ulingoni na viatu vyake, akapita katikati ya kamba kwa taabu huku Lori akimwinulia ya juu. Akapiga goti, akatoa futi shingoni, akaizungusha kwenye paja la mwanawe lililokuwa bado linatetemeka. Akatazama tarakimu. Akaikunja futi.

"Ngapi, mama?" Kocha aliuliza toka chini.

"Muulize mwenyewe," alisema Fundi.

Sindano aliinama, mama akamnong'oneza sikioni. Kijana akainuka, akacheka, akainua glovu zote mbili juu.

"Ishirini na tatu," aliutangazia ukumbi mzima. "Andika, baba. Ishirini na tatu."